Namna ya Kulinganisha Nguvu ya Ngumi Moja ya Mabondia wa Uzito Mdogo: Mwongozo Kamili

Mashabiki wa ngumi wanapobishana kuhusu nani hasa ana konde zito kati ya mabondia wa chini ya kilo 60, kwa kawaida hutoa idadi ya ushindi wa KO (kumwangusha mpinzani asiweze kuendelea), wakaigawanya kwa jumla ya mapambano, kisha wakatangaza mshindi wa mjadala. Njia hiyo ni rahisi, lakini inajibu swali jingine kabisa. Inatuambia ni bondia gani humaliza wapinzani wake kabla ya kengele ya mwisho, wala haituambii ni nani anayeweza kumlaza mtu mwenye akili timamu na miguu mizima kwa pigo moja tu. Mwongozo huu unahusu swali hilo la pili, na msimamo wake ni kwamba kinachopaswa kulinganishwa ni pigo lenyewe, likitazamwa pambano kwa pambano, huku rekodi ikibaki kuwa kitambulisho cha nani wa kuchunguzwa.

Kwa uzito mdogo ninakusudia madaraja kuanzia yale ya chini kabisa, yenye kikomo cha kilo 47.6, kupitia flai nyepesi (49), flai (50.8), super-flai (52.2), bantamu (53.5), super-bantamu (55.3) na unyoya (57.2), hadi super-unyoya (59). Katika ngumi za uzito wa juu, mtu wa kilo 110 anaweza kumwangusha mwenzake kwa pigo la mkono pekee ambalo halikupata msaada wowote wa kiuno. Katika madaraja haya madogo jambo hilo ni nadra sana. Mwili una uzito mdogo wa kuutupa nyuma ya ngumi, kwa hiyo nguvu hutokana na mwendo kasi, na mwendo huo lazima uanzie kwenye mguu wa nyuma, upite nyonga na bega, ufike kwenye kifundo cha mkono bila kukatika njiani. Ndiyo maana KO ya ngumi moja katika kilo 52 hustahili kutazamwa kwa makini kuliko ile ya kilo 100: kila sehemu ya pigo ilibidi ifanye kazi yake.

Hatua ya kwanza: amua ni ushindi upi unaohesabiwa

Vitabu vya rekodi hutenganisha KO, ambapo aliyeangushwa hakusimama hadi mwamuzi alipofika 10, na TKO, ambapo mwamuzi, daktari au kona (wasaidizi wa bondia) ndiyo iliyosimamisha pambano. Mgeni wa mchezo huu angeweza kudhani kwamba atafute KO tu na kuziacha TKO kando. Akifanya hivyo atapoteza mapigo mawili makubwa zaidi katika historia ya karibuni ya madaraja haya.

Tarehe 7 Julai 2007, katika mji wa Bridgeport nchini Marekani, Nonito Donaire wa Ufilipino alimkabili Vic Darchinyan, bingwa wa uzito wa flai ambaye alikuwa hajawahi kushindwa. Katika raundi ya 5 Darchinyan aliingia kwa nguvu akitaka kurusha mkono wake wa kushoto, na Donaire akamkuta na ngumi ya kushoto ya pembeni kwenye taya. Darchinyan alijaribu kuinuka, akayumba hadi kwenye kamba, na mwamuzi akasimamisha. Kwenye karatasi ile ni TKO. Tarehe 19 Februari 2011 mjini Las Vegas, mkono uleule ulimpata Fernando Montiel katika raundi ya 2 ya pambano la bantamu, naye akaanguka chali huku viungo vikimtetemeka. Kwa namna ambayo hadi leo inashangaza, aliinuka, akaruhusiwa kuendelea, akapigwa mara chache zaidi, ndipo mwamuzi akaingilia. Hiyo nayo iliandikwa TKO, ingawa kila aliyeitazama anajua kwamba pambano lilikwisha mgongo wa Montiel ulipogusa sakafu.

Kwa upande mwingine, Naoya Inoue wa Japani alimshinda Paul Butler tarehe 13 Desemba 2022 kwa KO halali kabisa, lakini ilikuwa raundi ya 11, baada ya Butler kutumia jioni nzima akijificha nyuma ya mikono yake. Ushindi huo unatuambia mengi kuhusu ubora wa Inoue, lakini machache kuhusu ngumi yake moja.

Basi kanuni inayofaa ni hii: hesabu pambano lolote ambalo, baada ya pigo moja linalotambulika, aliyepigwa hakuwa tena na uwezo wa kushindana, bila kujali herufi zilizoandikwa. Usihesabu majeraha ya kuchanika, wala kona iliyokataa kumrudisha bondia wake ulingoni, wala mvua ya mapigo kumi iliyomlazimu mwamuzi kuokoa mtu aliyekuwa bado amesimama. Pigo la maandalizi, kama jabu (ngumi ya haraka iliyonyooka ya mkono wa mbele) iliyofungua njia, lisikuzuie kuhesabu ile iliyofuata, mradi jabu hiyo yenyewe haikumtikisa mtu.

Hatua ya pili: soma asilimia, kisha uiweke kando

Asilimia ina kazi moja nzuri, nayo ni kukusaidia kuchagua majina. Igawanye idadi ya ushindi wa KO (hapa TKO zikihesabiwa pamoja nazo) kwa mapambano yote, yakiwemo ya kushindwa na sare, badala ya kuigawanya kwa ushindi pekee kama wengi wanavyofanya. Carlos Zárate wa Mexico, bingwa wa bantamu wa miaka ya 1970, alimaliza na ushindi 66, kati yake 63 kwa KO, na kushindwa mara 4. Hiyo ni asilimia 90 ya mapambano 70. Wilfredo Gómez wa Puerto Rico, aliyetetea mkanda wake wa super-bantamu mara 17 mfululizo na zote akamaliza kabla ya muda, ana KO 42 katika mapambano 48, sawa na asilimia 87.5. Khaosai Galaxy wa Thailand ana 41 kati ya 48, takriban asilimia 85. Naseem Hamed wa Sheffield, mwana wa wazazi wa Yemen, ana 31 kati ya 37, takriban asilimia 84. Ricardo López, ambaye hakuwahi kushindwa, ana 38 kati ya 52, yaani asilimia 73.

Ukiamini orodha hiyo ilivyo, Zárate ndiye mwenye ngumi moja kali kuliko wote. Lakini ukimtazama, utaona mtu mrefu kwa uzito wake aliyekuwa akikata mapande kidogo kidogo: jabu, mkono wa kulia, ngumi ya mwilini, raundi baada ya raundi, mpaka mpinzani akaisha. Gómez naye alikuwa bwana wa mapigo ya mfululizo. Hamed, ambaye yuko chini yao kwa hesabu, alikuwa na pigo ambalo wao hawakuwa nalo, kwa sababu lilitoka pembe ambayo hakuna aliyefundishwa kuilinda.

Kuna kasoro nyingine ya asilimia, nayo ni mapambano ya mwanzo. Edwin Valero wa Venezuela alishinda mapambano yake yote 27 kwa KO, na 18 ya kwanza hayakuvuka raundi ya kwanza. Hakuna anayepinga kwamba alikuwa na mikono mizito. Hata hivyo, bondia anayepewa wapinzani waliopangwa wapoteze atajenga asilimia nzuri hata kama ngumi yake ni ya wastani, na tabia hiyo ya kupanga wapinzani dhaifu tunaifahamu vizuri hata katika ulingo wa kwetu Afrika Mashariki. Njia ya kujikinga ni kukata rekodi mahali bondia alipoanza kupigania mikanda mikubwa, na kutazama yaliyofuata tu.

Hatua ya tatu: mpime aliyepigwa

Hapa ndipo penye utajiri wa jambo lote, na ndipo wengi wanapopita haraka. Pigo halina maana bila kidevu lililokutana nacho. Swali la kwanza ni kama aliyelala aliwahi kulazwa kabla. Inoue alipomkabili Juan Carlos Payano tarehe 7 Oktoba 2018, Payano alikuwa ameshindwa mara moja tu, kwa uamuzi wa majaji. Inoue alirusha jabu, akafuatisha mkono wa kulia ulionyooka, na katika sekunde ya 70 pambano likawa limekwisha. Montiel vilevile alikuwa ameshindwa kwa pointi tu kabla ya kukutana na Donaire. Lakini Zolani Tete wa Afrika Kusini, aliyemlaza Siboniso Gonya kwa sekunde 11 mjini Belfast tarehe 18 Novemba 2017, alikuwa mbele ya Mwafrika Kusini mwenzake mwenye mapambano machache na asiyewahi kufika ngazi ile. Ile ndiyo KO ya haraka zaidi katika mapambano ya ubingwa wa dunia, na ngumi ya kulia ya pembeni iliyoifanya ilikuwa safi kabisa, lakini kama ushahidi wa nguvu ina uzito mdogo kuliko sifa zake.

Swali la pili ni gumu zaidi: aliyepigwa alifanya nini mbele ya wapigaji wengine? Huu ndio ulinganisho kupitia mpinzani wa pamoja. Chukua Omar Narváez wa Argentina. Mwezi Oktoba 2011 alisimama raundi zote 12 na Donaire mjini New York, katika uzito wa bantamu. Tarehe 30 Desemba 2014, katika super-flai, Inoue alimwangusha mara nne na kummaliza katika raundi ya 2, hata kona ya Narváez ikaomba glavu za Inoue zikaguliwe. Je, hilo linathibitisha kwamba Inoue ana nguvu kuliko Donaire? Haraka hiyo ina hatari zake. Mwaka 2011 Narváez alikuja kuishi, akaifunga mikono usoni na hakuthubutu kushambulia, na mtu asiyerusha ngumi ni vigumu kumkuta wazi. Mwaka 2014 alikuwa na umri wa miaka 39. Tena anguko lake la mwisho lilitokana na ngumi ya mwilini, ambayo ni silaha tofauti na ile ya kichwani. Ushahidi unabaki upande wa Inoue, lakini unapungua thamani kila sharti linapoongezwa, na mchambuzi mwaminifu huandika masharti hayo pembeni mwa jina.

Mfano mwingine unatuhusu kwa karibu. Rogers Mtagwa, Mtanzania aliyekuwa akiishi na kupigania Philadelphia, alikutana na Juan Manuel López wa Puerto Rico tarehe 10 Oktoba 2009 katika super-bantamu. López alikuwa mpigaji wa kuogopwa. Mwaka mmoja nyuma alikuwa amemwondoa Daniel Ponce de León katika raundi ya kwanza. Mtagwa alianguka, akainuka, akaendelea kusonga mbele, na katika raundi ya 12 ni López aliyekuwa akining'inia akisubiri kengele. Mtagwa alishindwa kwa pointi. Miezi mitatu na siku chache baadaye, Januari 2010, Yuriorkis Gamboa alimmaliza katika raundi ya 2 katika uzito wa unyoya. Msomaji wa rekodi atasema Gamboa ana mkono mzito kuliko López, na huenda ni kweli, lakini hapaswi kulisema hilo kwa sababu ya Mtagwa. Mtu aliyepitia raundi 12 kama zile, kisha akarudi ulingoni mapema hivyo, si mtu yuleyule. Kwa hiyo, unapotumia mpinzani wa pamoja, tazama daima ni nani alimpata kwanza, muda uliopita kati ya mapambano hayo mawili, na kipigo alichobeba kutoka la kwanza.

Kinyume chake ni Darchinyan. Baada ya kulazwa na Donaire mwaka 2007 alipanda hadi bantamu, akapigana na Joseph Agbeko wa Ghana, Abner Mares, Anselmo Moreno na, mwezi Aprili 2012, Shinsuke Yamanaka wa Japani, ambaye mkono wake wa kushoto ulikuwa unaogopwa katika daraja zima. Wote walimshinda kwa pointi, hakuna aliyemsimamisha. Hilo ndilo linaloipandisha thamani ngumi ya Donaire ya Bridgeport: lile taya halikuwa la kioo.

Pat Cowdell wa Uingereza ni wa kundi hilihili. Mwezi Desemba 1981 alisimama raundi 15 na Salvador Sánchez, miezi michache tu baada ya Sánchez kumsimamisha Wilfredo Gómez. Tarehe 12 Oktoba 1985, mjini Birmingham mbele ya watu wake, Azumah Nelson wa Ghana alimlaza katika raundi ya kwanza kwa ngumi ya kushoto ya kutoka chini. Miaka minne si kidogo kwa bondia, lakini tofauti kati ya raundi 15 na moja haiwezi kubebwa na umri peke yake.

Hatua ya nne: tazama pigo bila sauti na kwa mwendo wa taratibu

Zima sauti ya mtangazaji, kwa maana kelele zake humfanya mtazamaji aone nguvu mahali palipo na mshangao tu. Rudisha picha sekunde 10 kabla ya pigo na uandike mambo yafuatayo kabla hujatoa hukumu.

Kwanza, mpigwaji alikuwa anaelekea wapi? Mtu anayeingia mbele anaongeza mwendo wake mwenyewe juu ya mwendo wa ngumi. Montiel na Donaire walirusha karibu kwa wakati mmoja, Montiel mkono wa kulia na Donaire wa kushoto, na Montiel akawa amepeleka uzito wake wote mbele. Darchinyan naye aliingia. Mapigo hayo mawili ni ya ajabu kwa wakati na shabaha, lakini sehemu ya nguvu yake ilikopeshwa na walioumia. Payano, kwa ulinganisho, alikuwa amesimama katika umbali wake wa kawaida, hivyo karibu nguvu yote ilitoka kwa Inoue.

Pili, aliiona? Pigo la tayani huuzungusha kichwa ghafla, ubongo ukabaki nyuma ya mwendo wa fuvu, na fahamu hukatika. Shingo iliyokazwa hupunguza mzunguko huo. Shingo iliyolegea kwa sababu mwenyewe hajui kama anapigwa haipunguzi kitu. Hii ndiyo siri ya Hamed. Alisimama miguu ikiwa mbali, mikono chini kiunoni, akainama nyuma, kisha akarusha kutoka mahali ambapo macho ya mpinzani hayakuwa yakitazama. Tarehe 7 Aprili 2001, alipokutana na Marco Antonio Barrera aliyekuwa mtulivu na asiyekubali kuvutwa, mshangao ulikwisha, na kwa raundi 12 nguvu zile hazikuonekana. Hamed alikuwa na nguvu halisi, sikatai, lakini sehemu kubwa ya KO zake ilikuwa mali ya pembe.

Tatu, alianguka vipi? Aliyejaribu kujikinga kwa mikono wakati wa kuanguka bado alikuwa na fahamu kiasi. Aliyeanguka kama mti, mikono ikiwa imekakamaa hewani, alizimika kabla hajafika chini. Anguko la namna hiyo ni ishara ya pigo kubwa, na pia ni ishara ya jeraha la ubongo. Tunalichambua kwa faida ya elimu, lakini ni vizuri kukumbuka kinachotazamwa.

Ngumi za mwilini zinahitaji karatasi yao pekee. Pigo la ini, chini ya mbavu za kulia, halizimi fahamu. Mara nyingi aliyepigwa husimama kwa sekunde moja au mbili kana kwamba hakuna kilichotokea, kisha magoti yakamwisha huku akili yake ikiwa timamu kabisa. Khaosai Galaxy, aliyekuwa mashoto, alijenga utetezi 19 wa ubingwa wa super-flai kwa mkono wa kushoto uliopenda mwili, na 16 kati ya hizo alizimaliza kabla ya muda. Inoue alimwangusha Michael Dasmariñas kwa ngumi za mwilini tu mwezi Juni 2021 na kummaliza katika raundi ya 3. Usiyachanganye mapigo haya na yale ya taya katika orodha moja, kwa sababu kidevu kigumu hakimsaidii mtu aliyepigwa ini.

Hatua ya tano: weka saa na mzani mahali pake

Ngumi ya raundi ya 1 humkuta mtu mbichi, ambaye bado ana nguvu zake zote, ingawa ya sekunde za mwanzo kabisa, kama ya Tete, humkuta pia akiwa hajapata moto. Ngumi ya raundi ya 12 humkuta mtu aliyechoka. Junto Nakatani alipomlaza Andrew Moloney mjini Las Vegas tarehe 20 Mei 2023, picha ya Moloney akianguka ilizunguka dunia nzima, na pigo lile la kushoto lilikuwa kamili. Lakini ilikuwa raundi ya 12, na Moloney alikuwa ameshaangushwa mapema usiku huohuo. Hiyo inathibitisha kwamba Nakatani huibeba nguvu yake hadi mwisho, sifa ambayo wapigaji wengi hawana, lakini haithibitishi kwamba ngumi ile ingemlaza Moloney katika raundi ya 2.

Kuhusu mzani, kumbuka kwamba madaraja manane kati ya kilo 47.6 na 59 yamebanwa ndani ya kilo zipatazo 11, tofauti ambayo mabondia wawili wa uzito wa juu huwa nayo katika pambano moja bila mtu yeyote kulalamika. Kilo moja na nusu hapa ni daraja zima. Kupima uzito siku moja kabla ya pambano kumemwezesha bondia kukausha maji, kupanda mzani, kisha kula na kunywa na kuingia ulingoni akiwa daraja moja au mawili juu ya lile lililoandikwa kwenye bango. Kwa hiyo, pale uzito wa siku ya pambano unapotangazwa, utumie huo. Usipotangazwa, tazama urefu na mabega, na umpunguzie sifa yule aliye mkubwa waziwazi. Wazee waliopima uzito asubuhi ya pambano wanastahili nyongeza, akiwemo Jimmy Wilde wa Wales, bingwa wa flai kuanzia 1916 hadi 1923, ambaye mara nyingi alikuwa na uzito mdogo hata kwa daraja lake na bado akawalaza wakubwa wake kiasi cha kuitwa mzimu wenye nyundo mkononi. Ila filamu zake ni chache mno, na bila picha hatua ya nne haiwezekani. Wilde aheshimiwe nje ya orodha.

Kipimo bora cha nguvu halisi ni kupanda daraja. Donaire alipofika unyoya, aliweza kumyumbisha Nicholas Walters kwa ngumi yake ya kushoto mwishoni mwa raundi ya 2 mwezi Oktoba 2014, lakini Walters alirudi na kumsimamisha katika raundi ya 6. Ngumi ile ile iliyozima watu katika kilo 50 na 53 ilitikisa tu katika kilo 57. Manny Pacquiao ndiye anayevunja kanuni: bingwa wa flai mwaka 1998, aliyemlaza Ricky Hatton mwezi Mei 2009 katika kilo 63.5 kwa mkono mmoja wa kushoto, ingawa Hatton alikuwa ameshaangushwa mara mbili katika raundi iliyotangulia.

Hatua ya sita: toa alama

Ninatumia alama 10 kwa kila pigo: 4 kwa pigo lenyewe, 3 kwa ubora wa kidevu kilichopigwa, 2 kwa wakati, na 1 kwa usawa wa mzani. Alama hizi ni zangu na mtu anaweza kuzibadilisha, mradi atumie zilezile kwa kila bondia.

Donaire dhidi ya Darchinyan na dhidi ya Montiel hupata 9 kila moja. Ninapunguza 1 kwenye pigo kwa sababu wote wawili walikuwa wakiingia. Inoue dhidi ya Payano hupata 9 pia: pigo ni 4 kamili, lakini kidevu ni 2, kwa kuwa Luis Nery naye alimsimamisha Payano mwaka uliofuata. Nelson dhidi ya Cowdell ninampa 8, nikipunguza 2 kwenye kidevu kwa miaka iliyokuwa imepita. Tete hupata 6: kidevu cha Gonya hakikuwa kimepimwa, nami ninakata 1 kwa ubaridi wa sekunde 11. Nakatani dhidi ya Moloney hupata 7, akipoteza zaidi kwenye saa, na pia kwenye mzani kwa sababu ya urefu wake.

Sare ya Donaire na Inoue haiwezi kuvunjwa kwa alama, kwa hiyo tazama walipokutana wenyewe. Tarehe 7 Novemba 2019 mjini Saitama, ngumi ya kushoto ya Donaire ilivunja mfupa wa tundu la jicho la Inoue mapema, katika raundi ya 2, lakini Inoue hakuanguka. Yeye alimwangusha Donaire kwa pigo la mwilini katika raundi ya 11, na majaji wakampa ushindi. Tarehe 7 Juni 2022, mkono wa kulia wa Inoue ulimketisha Donaire mwishoni mwa raundi ya kwanza, na raundi ya 2 haikumalizika. Donaire alikuwa na miaka 39 katika pambano hilo, hivyo la kwanza ndilo la kupewa uzito zaidi. Hukumu yangu ni kwamba, kwa pigo moja tu la mkono mmoja katika kilo 50 hadi 53, ninachagua kushoto kwa Donaire, kwa sababu kulimaliza mabingwa wawili wagumu katika madaraja mawili kwa umbo lilelile la ngumi. Kwa nguvu iliyoenea, kulia na kushoto, kichwani na mwilini, Inoue hana mwenzake katika kundi hili.

Hatua ya saba: fungua daftari upya

Alama ya kidevu si ya kudumu, kwa sababu aliyelala huendelea na maisha yake ya ulingoni. Andika tarehe ya kila hukumu, kisha uirudie aliyepigwa anapokutana na mpigaji mwingine mkubwa. Mwaka 2007, mtu mwenye tahadhari angempa Darchinyan 1 au 2 ya kidevu, kwa kuwa kutoshindwa peke yake si ushahidi wa uvumilivu. Ni baada ya kengele ya mwisho ya pambano lake na Yamanaka, mwezi Aprili 2012, ndipo alipostahili 3, na ngumi ya Donaire ikapanda thamani miaka mitano baada ya kurushwa.